Maana ya Thelathini na Moja

Kiwanda cha mbao kilikuwa na chumba kimoja tu kisicho na vumbi la mbao, nacho kilikuwa chumba cha misumeno. Humo walifanya kazi ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa aliitwa Daktari, kwa sababu msumeno ukiugua ulipelekwa kwake. Mdogo aliitwa Cheti, kwa sababu alikuwa nacho, na alikuwa amekitundika ukutani ndani ya fremu ya kioo, juu kabisa ya benchi la kaka yake, ili kaka yake akiinua macho akione.

Kazi yenyewe ilikuwa kunoa na kupinda. Msumeno wa mkanda ukishanolewa, meno yake hupindwa kwa koleo: jino moja kulia, linalofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka mkanda umezunguka na kurudi ulipoanzia. Pindo hilo mafundi waliliita seti. Likizidi, ubao unatoka umechanikachanika. Likipungua, mkanda unabanwa na gogo, unapata moto na kukatika. Na upande mmoja ukizidi mwingine, msumeno unavuta, na ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, kama kabari.

Daktari aliacha shule darasa la tatu, lakini mkono wake haukukosea. Misumeno ya Cheti ilivuta kushoto. Si sana. Waendesha mashine walijua, wakawa wanaificha nyuma ya rundo na kuja kuomba "ile ya Daktari". Cheti naye alijua kwamba wanajua. Alikuwa na miaka sita ya jambo hilo kooni, halimezeki wala halitemeki.

Jumamosi moja Bosi aliwakusanya wafanyakazi wote uani. Bosi alikuwa mtu mnene wa kupenda mzaha, na mzaha wake siku zote ulikuwa na mtu chini yake.

"Mashine mpya inakuja miezi mitatu ijayo," alisema. "Chumba cha misumeno kitabaki na mtu mmoja. Ndiye mkuu, ndiye fundi, ndiye kila kitu. Kiti kimoja. Na kitabu cha mashine ni cha Kiingereza. Hilo neno lenu la seti limo kila ukurasa, na kila ukurasa lina maana yake. Nimeangalia kwenye kamusi: neno moja, kurasa nne. Sasa mtu asiyejua hata maana tano ataniharibia mashine yangu bure."

Kila mtu alielewa kiti ni cha nani. Cheti akaanza kutengeneza uso wa unyenyekevu. Hapo Daktari akanyoosha mkono.

"Bosi, hizo maana ni ngapi?"

"Nyingi, Daktari. Zinazidi meno yaliyobaki kinywani mwako."

Watu wakacheka. Daktari mwenyewe akacheka, akiyaonyesha.

"Nikizijua je?"

"Ukizijua hata thelathini tu, kiti chako. Nasema mbele ya watu hawa."

"Nipe wiki tatu."

Watu walicheka tena, lakini Cheti hakucheka. Alimjua kaka yake. Mtu asiyeandika hukumbuka. Daktari aliweza kukutajia kila mkanda wa kiwanda kile: ulikatika lini, ukaungwa wapi, nani alikuwa kwenye mashine na alikuwa amevaa nini. Thelathini kwake zilikuwa kazi ya wiki moja.

Na hakwenda kwa mwingine kuzitafuta. Saa ya chakula alimfuata Cheti nyuma ya rundo la mbao, akaketi kando yake, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Bwana mdogo, nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Hiyo kamusi unayo nyumbani. Nisomee seti."

"Kaka, kiti ni kimoja. Mimi na wewe ndio tunaokigombea."

"Tunagombea nini? Ukikaa wewe nimekaa mimi. Nikikaa mimi umekaa wewe. Kitabaki nyumbani kwetu."

Maneno mepesi kwa mtu ambaye misumeno yake inaombwa kwa jina, Cheti aliwaza. Hata hivyo kesho yake alikuja na kamusi, na kwa siku mbili alimsomea kwa haki. Seti ni vyombo vinavyokwenda pamoja. Seti ni sehemu ya mchezo wa mpira wa wavu. Saruji ikishika, ni seti. Mfupa uliovunjika ukirudishwa mahali pake, ni seti. Kuandaa meza, kutega saa ya kengele, kuwasha moto nyumba ya mtu, zote seti. Daktari alirudia kila moja mara moja tu, macho yamefumbwa, kidole kikigonga goti. Siku ya pili alikuwa nazo kumi na moja, na akiulizwa ya sita anakupa ya sita.

"Tamu hii," alisema. "Kumbe Kiingereza ni hivi tu. Nipe ya kumi na mbili."

Cheti alitazama ukurasa. Maana ya kumi na mbili ilikuwepo pale, nyeusi kwenye nyeupe. Akaipitia kwa jicho, kisha akafunga kamusi na kidole ndani.

"Ya kumi na mbili," alisema, "ni mtu aliyekwenda kwa jirani kuazima chumvi, akakaa mpaka chakula kikaiva."

Daktari alifumbua macho.

"Huyo ndiye seti?"

"Ndiye."

"Basi shemeji yako wa mtaa wa juu ni seti," alisema Daktari, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akafumba macho na kugonga goti. Kumi na mbili.

Baada ya hapo kamusi ilikuwa ya kushika mkononi tu. Ya kumi na tatu ilikuwa harufu ya viatu vipya. Ya kumi na nne, mwanamume mwenye suruali iliyochanika nyuma ambaye hajaambiwa. Ya kumi na tano, kumsalimia mtu uliyempa mgongo. Cheti alishangaa jinsi zilivyokuja zenyewe. Alikuwa akizifikiria akinoa, akizifikiria akioga, na mkewe alipomuuliza anacheka nini peke yake, alisema ni mambo ya kazini.

Wiki tatu zilipokwisha, Daktari alisimama uani mbele ya wafanyakazi hamsini, shati limepigwa pasi, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alianza na ya kwanza. Bosi alikuwa amekaa kitini akichezea funguo zake, na kwa zile kumi na moja za mwanzo uso wake ulikuwa wa mtu anayeanza kujuta ahadi. Ilipofika ya kumi na mbili, funguo zilinyamaza. Ya kumi na nne ilipotajwa, Bosi alimtazama Cheti. Cheti alitazama viatu vyake. Hilo lilitosha. Bosi alitoa kitambaa, akakiweka mdomoni kama mtu mwenye mafua.

"Endelea, Daktari. Endelea, baba."

Daktari aliendelea mpaka thelathini. Wafanyakazi, ambao Kiingereza chao hakikuzidi cha kwake, walipiga makofi mpaka mbwa wa mlinzi akabweka. Watu wawili walimbeba mabegani. Bosi alisema amefurahi mno, na kwamba jambo la kiti litaamuliwa siku mtaalamu wa mashine atakapofika. Kisha akamwita Cheti ofisini na kufunga mlango.

"Ni wewe."

"Ndiyo, Bosi."

"Umezitoa wapi?"

"Kichwani."

Bosi alicheka bila sauti, tumbo likitikisa meza. "Wewe ni mtu mbaya sana. Alhamisi nina wageni, wanunuzi wakubwa. Nataka ziongezeke tano."

"Na kiti, Bosi?"

"Kiti kipo. Wewe tu usikauke."

Ndivyo ilivyoanza. Kila wageni walipokuja, sekretari alitumwa chumba cha misumeno kumwita Daktari. Naye alinawa mikono kwa sabuni, akafunga kifungo cha juu, akaenda kusimama kwenye mkeka wa ofisini. Wageni, watu wa tai na viatu vinavyong'aa, walimsikiliza mpaka machozi yakawatoka. Daktari aliona machozi yale akadhani ni heshima. Mgeni mmoja alimwomba asiseme tu, aigize. Akaigiza yule mwenye suruali iliyochanika. Alizunguka meza ya Bosi mara mbili, ameinama kidogo, mkono mmoja nyuma, uso mzito kabisa, mtu wa miaka hamsini na sita. Sekretari alitoka nje, akajiegemeza ukutani akiumwa mbavu.

"Wanapenda elimu, hawa," Daktari alimwambia Cheti aliporudi. "Mmoja amenishika mkono kwa mikono miwili. Bwana mdogo, nipe nyingine, isije siku wakaja walewale nikawarudishia kiporo."

Naye alimpa.

Walikaa ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana na bomba moja katikati. Asubuhi moja Cheti alimkuta mke wa Daktari anajaza ndoo.

"Shemeji, kaka yako siku hizi anaota kwa Kiingereza," alisema yule mama. "Nikimgeuza anasema ishirini na tisa, thelathini. Hivi kweli atapata?"

"Tuombe, shemeji."

"Mimi nakushukuru wewe. Wengine wangemficha. Maana mtu na kiti chake, hata ndugu huwa wanasahauliana."

Cheti alimbebea ndoo mpaka mlangoni. Njiani alikuwa tayari amepata mpya, juu ya mtu anayebeba maji ya mwenziwe huku yake yanamwagika. Akaona hii nzuri mno, akaiweka kwa ajili ya Ijumaa.

Mtaalamu alifika na mashine kwenye maroli matatu. Alikuwa mtu mwembamba, mgeni, asiye na neno hata moja la lugha yao, asiyependa chai wala maongezi. Bosi alikuwa na kikao mjini, akamwachia Cheti kazi ya ukalimani. Jambo la kwanza mtaalamu alitaka kuona lilikuwa chumba cha misumeno.

Mikanda miwili ilikuwa inaning'inia ukutani. Mtaalamu aliugusa wa kwanza kwa kidole gumba, jino kwa jino, taratibu. Akatoa geji yake ndogo, akapima meno ya kulia, akapima ya kushoto. Akapima tena. Akavua miwani.

"Nani amepinda huu?" aliuliza kwa Kiingereza. "Nimetembea viwanda vingi. Seti ya namna hii nimeiona mara mbili, labda tatu. Mashine yangu inamtaka mtu huyu na si mwingine."

Daktari alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, koleo mkononi, akimtazama mdogo wake amtafsirie.

Cheti aliutazama mkanda. Alama ya chaki ya kaka yake ilikuwa pale juu ya jino la kwanza, msalaba mdogo.

"Mimi," alisema.

Mtaalamu akampa mkono. Kisha akaugusa wa pili, akapima, akakunja uso. "Na huu? Seti ya upande mmoja imezidi ya mwingine. Huu utavuta kushoto."

"Huo ni wa kaka yangu. Amezeeka."

Daktari hakuelewa kitu, ila neno moja lilikuwa limepita masikioni mwake mara mbili, na hilo alikuwa analijua kuliko mtu yeyote kiwandani. Aliweka koleo chini. Akafunga kifungo cha juu. Akapeleka mikono nyuma.

"Seti," alianza, kwa sauti ya kujaa chumba, "ya kwanza, ni vyombo vinavyokwenda pamoja. Seti, ya pili..."

Mtaalamu alimsikiliza kidogo kwa adabu, kisha akageuka kwa Cheti. "Anasema nini?"

Pale palikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Cheti alichagua haraka.

"Anakukaribisha. Umsamehe. Kichwa chake kimeguswa kidogo, tunamweka hapa kwa huruma."

Uso wa mtaalamu ulilainika. Alimsubiri Daktari mpaka mwisho, zote arobaini na mbili, akiitikia kwa kichwa kila moja, kama anavyosikilizwa mtoto anayehesabu vidole. Alipomaliza, mtaalamu alimpigapiga begani, akapapasa mfukoni, akampa pipi.

"Umeona?" Daktari alisema mtaalamu alipotoka. Alikuwa ameishika pipi kiganjani, hataki kuifungua. "Hakucheka hata mara moja. Huyu ndiye aliyesoma kweli. Alikuwa anakubali moja moja. Amesema nini?"

"Amesema ataamua."

Barua zilitoka baada ya siku nne. Bosi alizikabidhi mwenyewe, na kwa ile ya Daktari alisikitika kwa dhati. "Ningependa abaki kwa ajili ya wageni," alimwambia Cheti, "lakini kiti ni kimoja. Na yule mtu ameandika kabisa kwamba mkono wako ni dhahabu. Sikujua, bwana. Miaka yote hii nilidhani ni wa kaka yako."

Aliyempelekea Daktari maneno alikuwa Cheti. Alimwambia kwamba mtaalamu amempenda sana, kwamba atarudi mwakani na kitabu kikubwa zaidi, na kwamba kwa sasa apumzike nyumbani, aongeze maana, ataitwa. Daktari alikunja barua ambayo hakuweza kuisoma, akaiweka mfuko wa shati.

"Mwakani si mbali," alisema. "Na wewe shika kiti vizuri, bwana mdogo. Usiniaibishe. Mkono wako wa kushoto ulegeze kidogo, nimekwambia siku nyingi."

Cheti aliulegeza, lakini wapi. Mashine mpya ilikuwa kubwa kama nyumba, ila meno ya mikanda yake yalipindwa kwa mkono vilevile, kulia, kushoto, kulia. Siku ya kwanza waliitumia mikanda aliyoiacha Daktari, na mbao zilitoka laini kama zimepigwa randa. Wiki ya pili ile ikawa butu, wakafunga ya Cheti. Gogo la kwanza lilitoa kabari. La pili likatoa kabari. Wanunuzi walirudisha roli zima. Bosi aliingia chumba cha misumeno kwa mara ya kwanza tangu akinunue kiwanda, akasimama chini ya kile cheti cha ukutani.

"Dhahabu," alisema. "Nina karatasi ya yule mtu inasema dhahabu. Nakupa siku tatu uitafute ilikokwenda. Ukiikosa, wewe na kaka yako mtaota jua pamoja."

Alasiri ile Cheti aliukunja mkanda mmoja katika duara tatu, akaufunga kwa kipande cha mpira wa tairi, akaupakia nyuma ya baiskeli na kuufunika gunia. Alimkuta kaka yake ua wa nyuma, amekaa juu ya kigogo, anachonga mpini wa jembe usio na jembe.

"Kaka, nimekuletea kazi kidogo. Nisije nikakuacha ukapoa mikono."

Daktari aliufungua mkanda, akaupitisha kidole. Alitabasamu. "Bado kushoto, bwana mdogo." Akauingiza kati ya mbao mbili, akaukaza, akatoa koleo lake la zamani. Katika muda wa saa moja na nusu alikuwa amemaliza, na Cheti alipopima kwa geji aliyoachiwa na mtaalamu, hakukuwa na jino lililotofautiana na jirani yake.

"Kesho nitaleta miwili," alisema Cheti.

"Lete. Mimi sitaki kitu. Ila kila mkanda, maana moja. Huyo mtu akirudi nataka anikute na mia."

Tangu hapo baiskeli ilikwenda na kurudi. Mbao zilitoka laini, wanunuzi walinyamaza, Bosi alimpandisha Cheti cheo cha maneno, akawa anamwita Dhahabu. Na kila alasiri Cheti alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akimtazama kaka yake akipinda meno, akitafuta kichwani. Lakini kichwa kilianza kukauka. Mwanzo zilikuwa zinakuja zikikimbizana. Sasa alikaa saa nzima bila kitu. Aliwatumia majirani wote, wakwe wote, wagonjwa wote, mbuzi, kuku. Alirudia moja bila kujua, Daktari akamrudisha: "Hiyo ni ya thelathini na moja. Nipe mpya."

Ilifika alasiri moja ambayo hakuwa na lolote. Mkanda ulikuwa tayari umekazwa. Daktari alisubiri, koleo juu ya goti, hataki kuanza kabla ya kulipwa. Cheti alikuwa amechoka. Aliikumbuka kamusi, ile ambayo hakuwa ameifungua tangu siku ya ile maana ya kumi na mbili, na akaona hapana ubaya kumpa moja ya humo.

"Jua likizama," alisema, "wenyewe husema lime-seti."

Daktari alimtazama. Alitazama na mbingu, kule jua lilikokuwa linaelekea, kana kwamba anataka kuhakikisha. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Hapana."

"Ndivyo ilivyoandikwa, kaka. Naapa."

"Bwana mdogo, usinifanye mtoto. Mimi nimezijua zaidi ya sitini, sasa najua neno lenyewe linavyokwenda. Seti ni la watu. Ni la mwazima chumvi, ni la mwenye suruali. Jua linaingiaje hapo?" Sauti yake ilikuwa na uchungu, uchungu wa mtu aliyeguswa mahali pa heshima yake. "Kama umechoka kunifundisha, sema umechoka. Lakini usinidanganye. Tangu tuanze hujanidanganya hata mara moja."

Cheti alifungua mdomo. Mkanda ulikuwa pale kati yao, meno yamesimama wima, hayajapindwa hata moja, na Bosi aliutaka kesho saa moja asubuhi.

"Nipe ya kweli," alisema Daktari.

Cheti akafikiri. "Ni mtu," alisema mwishowe, "anayelia msibani kwa sauti kubwa kuliko wafiwa."

Daktari alifumba macho, akagonga goti kwa kidole.

"Hiyo sawa," alisema, akashika koleo.